Simu 99 kwenye mkokoteni: foleni isiyo na gari hata moja

Mwanamume anavuta kimkokoteni chekundu katikati ya barabara jijini Berlin. Anatembea polepole, kama mtu aliyetumwa dukani na hana haraka ya kurudi. Ndani ya mkokoteni hamna mkaa, hamna ndoo za maji, hamna viazi. Mna simu janja 99, zote zimeshatumika na watu wengine, zimelundikwa moja juu ya nyingine, vioo vinawaka, kila moja imefunguliwa Google Maps. Nyuma yake barabara tupu, mbele yake tupu. Lakini kwenye ramani mtaa uleule uliokuwa wa kijani unageuka rangi ya chungwa, halafu mwekundu. Tafsiri yake: hapa kuna foleni, dereva tafuta njia nyingine.

Mvuta mkokoteni anaitwa Simon Weckert, msanii anayefanya kazi Berlin, na kazi yenyewe aliipa jina la Google Maps Hacks. Video yake ilitoka mwanzoni mwa Februari 2020, siku chache kabla Google Maps haijatimiza miaka 15, maana ilizinduliwa Februari 8, 2005. Ilizunguka dunia haraka. Wengi wetu tuliicheka, tukairusha kwenye makundi ya WhatsApp, tukaandika "huyu jamaa noma". Nami nilikuwemo. Tangu hapo nimeirudia mara nyingi, na kila nikiirudia kichekesho kinapungua.

Tuanze kwa kuliweka kando neno udukuzi, ingawa mwenyewe amelipachika kwenye jina la kazi. Weckert hakuiba nywila ya mtu. Hakuingia kwenye mitambo ya kampuni. Aliwasha simu, akaziruhusu zionyeshe mahali zilipo, akafungua ramani, akatembea. Hivyo ndivyo simu hizo zilivyotengenezwa kutumika. Ukitaka kumshitaki, utamshitaki kwa kosa gani? Kwa kuwa na simu nyingi?

Siri iko kwenye namna rangi zile zinavyopatikana. Zilipoanza mwaka 2007 zilihusu miji 30 na ushei ya Marekani tu. Agosti 2009 Google ikatangaza kwamba inatumia pia simu za watu walio barabarani: ukiwa na ramani mkononi, na umeruhusu mahali ulipo paonekane, simu yako inatuma kimyakimya uko wapi na unakwenda kwa mwendo gani. Kompyuta inachukua taarifa yako, inaichanganya na za wenzako, inakadiria mwendo wa barabara, inapaka rangi. Kampuni ilieleza kwamba jina lako haliandikwi popote, na kwamba mwanzo na mwisho wa kila safari hufutwa, ili isijulikane umetoka kwa nani na umeingia kwa nani. Liweke kichwani neno hilo, nitalirudia.

Kwa hiyo ramani haioni gari. Haioni lami, haioni mashimo, haioni trafiki aliyesimama juani na filimbi yake. Inaona nukta zinazosogea. Nukta 99 zikisogea kwa mwendo wa mtu anayetembea, mahali ambapo magari hupita kasi, mtambo unaamua jambo la busara kabisa: hawa wamekwama. Ungekuwa wewe umekaa kwenye chumba kisicho na dirisha, unaletewa tu karatasi za namba, ungeamua vivyo hivyo.

Wazo, kwa maelezo yake mwenyewe, lilimjia kwenye maandamano ya Mei Mosi. Barabara zilikuwa zimejaa watu wa miguu, hakuna gari, na bado ramani ilionyesha msongamano mkubwa. Hapo wengi tungesema programu imekosea, tukaifunga, tukaendelea na maandamano. Yeye aliona kitu kingine: kama umati wenye simu unahesabika kuwa magari, basi umati unaweza kutengenezwa, na unaweza kuvutwa kwa kamba. Akaupeleka mkokoteni mpaka mtaa wa Tucholskystraße, nje ya ofisi ya Google jijini humo. Kwenye ramani ya Google, barabara iliyo mlangoni kwa Google ikawa nyekundu.

Kuna watakaosema huu ni utundu tu, dereva mmoja akizunguka mtaa wa pili hajafa mtu. Ni kweli, na Weckert alichagua barabara zenye utulivu. Ila madhara ya ramani za namna hii yalikuwa yameshajulikana kabla yake. Mji mdogo wa Leonia, jimbo la New Jersey, uko karibu na daraja la kuingilia New York. Programu za ramani zilikuwa zikiwapitisha madereva kwenye mitaa ya makazi yake ili waikwepe foleni ya barabara kuu, hadi Januari 2018 mji ukaamua kufunga mitaa 60 kwa wasio wakazi, nyakati za asubuhi na jioni. Kule Takoma Park, Maryland, wakazi waliochoshwa na magari walianza kuripoti ajali za uongo kwenye Waze, programu nyingine ya ramani za madereva, ili madereva wapelekwe kwingine. Na mwaka 2014 wanafunzi wa chuo kikuu cha Technion, Israel, walitengeneza programu iliyojifanya maelfu ya madereva waliokwama, Waze ikaamini kuna foleni. Kwa hiyo Weckert si wa kwanza kuidanganya ramani. Alichoongeza ni kwamba tuone kwa macho. Programu ya wanafunzi wale haionekani. Ni namba ndani ya namba. Mkokoteni unaonekana. Unaona uzito wake, unaona gurudumu linavyoyumba kwenye mawe, unaona kwamba kile tunachokiita data ni vitu halisi, vina betri, na kuna mtu anayevivuta.

Hapo ndipo ninapompa alama. Watu wakizungumzia data kubwa hupenda maneno ya angani: wingu, mtandao, mkondo. Msanii huyu ameishusha chini mpaka barabarani, akaipakia kama mzigo.

Na haikuwa bahati kwamba jambo hili lilitokea Ujerumani. Mwaka 1983 serikali ya Ujerumani Magharibi ilipanga sensa, watu wakaigomea kwa hasira, kesi ikafika Mahakama ya Katiba. Desemba 15 mwaka huohuo mahakama ikatoa hukumu ambayo hadi leo inanukuliwa kwenye mijadala ya faragha Ulaya: kila mtu ana haki ya kuamua mwenyewe taarifa zake zitumike vipi. Upande wa mashariki, Stasi, polisi wa siri wa Ujerumani Mashariki, walikuwa wakijaza makabati kwa mafaili ya majirani, wapenzi na walimu. Kwa hiyo Google ilipotaka kuonyesha picha za mitaa ya miji 20 ya nchi hiyo mwaka 2010, kaya zaidi ya 244,000 ziliomba nyumba zao zifunikwe ukungu. Miaka sita baadaye kampuni ikataka kufungua kituo cha wabunifu katika jengo la zamani la umeme Kreuzberg, eneo la Berlin. Wakazi wakaandamana wakihofia kodi za nyumba kupanda, na Oktoba 2018 mpango ukaachwa, jengo likapewa mashirika ya kijamii. Mtu anayevuta mkokoteni mbele ya ofisi ya kampuni hiyo jijini humo anatembea juu ya historia hiyo yote. Ungemweka mahali pengine, angebaki kuwa mchekeshaji.

Sasa jibu. Kampuni kubwa ikichokozwa ina njia kadhaa: inyamaze, ikanushe, itume wanasheria. Google haikufanya hata moja. Msemaji wake alisema kwamba iwe kwa gari, kwa mkokoteni au kwa ngamia, wao hufurahi kuona watu wakiitumia ramani kwa ubunifu, maana inawasaidia kuiboresha. Akaongeza kwamba katika nchi kadhaa, zikiwemo India, Indonesia na Misri, wameshaweza kutofautisha gari na pikipiki, ingawa bado hawajaipatia dawa ya mkokoteni.

Lisome tena taratibu. Ni jibu la kiungwana, lina utani, na ndani yake kuna sentensi ambayo wengi waliipita wakiwa bado wanacheka ngamia. Msanii anasema: ramani yenu haijui kinachosogea barabarani. Kampuni inajibu: asante, tutajua. Na ili mtambo ujue kama simu fulani iko kwenye gari, pikipiki au mkokoteni, inabidi uitazame simu hiyo kwa karibu zaidi kuliko jana. Inavyotikisika. Inavyosimama na kuondoka. Njia inazoweza kupenya. Pingamizi dhidi ya kuchukuliwa data limegeuka sababu ya kuchukua data nyingi zaidi, na mpingaji ameshukuriwa kwa mchango wake. Kwangu mimi hiki ndicho kiini cha kisa, na sidhani kama Weckert angeweza kukiandika mwenyewe hata angetaka. Kampuni ndiyo iliyoimalizia kazi yake ya sanaa.

Mlinganishe Weckert na wengine waliotangulia. Mwaka 2011 Paolo Cirio na Alessandro Ludovico, Waitalia, walichota wasifu milioni moja kutoka Facebook, wakatumia programu ya kutambua nyuso kuzipanga sura 250,000 kufuatana na haiba, kisha wakaziweka kwenye tovuti ya kutafutia wachumba bila wenyewe kujua. Huko barua za wanasheria zilifika upesi na tovuti ikafungwa. Wale walipata jibu la fimbo. Weckert alipata jibu la tabasamu. Fimbo, kwa bahati mbaya au nzuri, inamwonyesha mtazamaji mpaka uko wapi. Tabasamu halimwonyeshi kitu.

Hasan Elahi ni mfano ninaoupenda zaidi, hata kama hapa ninauchomeka kama mgeni aliyepita. Ni Mmarekani aliyezaliwa Bangladesh. Mwaka 2002 akirudi kutoka safari ya nje alizuiwa kwenye uwanja wa ndege wa Detroit, akahojiwa alikuwa wapi Septemba 12 mwaka uliopita. Mtu fulani alikuwa ametoa taarifa kwamba chumba chake cha kuhifadhia vitu Florida kina mabomu. Hakikuwa na mabomu. FBI walimhoji kwa miezi, wakampima kwa mashine ya kugundua uongo mara tisa, kisha wakamwachia. Yeye akaamua kuwarahisishia kazi: kila alipo, kila choo alichoingia, kila sahani aliyokula, kila kitanda alicholala, akawa anapiga picha na kuziweka wazi mtandaoni, kwa maelfu. Ukizitazama hujui lolote kumhusu. Kuzidisha data mpaka ipoteze bei, hiyo ndiyo hesabu yake, na Weckert ameirithi kwa namna yake: simu 99 pale ambapo mtu wa kawaida angebeba moja.

Mara chache sanaa ya aina hii inabadili kitu cha kushikika. Mwaka 2019 Trevor Paglen na Kate Crawford walitoa ImageNet Roulette, programu iliyokuwa ikiupokea uso wako na kukupa jina kutoka kwenye hazina ya picha zinazotumika kufundishia kompyuta. Watu weusi na wengine wakajikuta wanapewa majina ya matusi. Waliosimamia hazina ile wakatangaza kuziondoa picha 600,000 za watu. Mkokoteni wa Berlin hauna ushindi wa hivyo wa kuonyesha.

Una udhaifu mwingine pia, na tuuseme. Video inamtukuza mtu mmoja mjanja dhidi ya jitu. Mtazamaji anatoka akidhani tatizo ni kwamba ramani inadanganyika. Kama ndilo tatizo, suluhisho ni ramani isiyodanganyika, na hapo tumerudi palepale kwa msemaji na ngamia wake. Tatizo la kweli ni lile neno nililokuomba uliweke kichwani: kwamba tumeambiwa mwanzo na mwisho wa safari zetu unafutwa, na hatuna njia ya kuhakikisha zaidi ya kuamini. Agosti 2018 shirika la habari la AP lilionyesha kwamba huduma kadhaa za Google ziliendelea kuhifadhi mahali mtu alipo hata akiwa amezima kile kinachoitwa historia ya mahali. Novemba 2022 kampuni ikakubali kulipa majimbo 40 ya Marekani dola milioni 391.5 kumaliza shauri hilo. Hakuna mkokoteni kwenye habari hiyo, ndiyo maana hukuipata kwenye kundi lenu la WhatsApp.

Nilimwonyesha video hiyo dereva wa teksi ya mtandaoni tukiwa tumekwama kwenye mataa ya Buguruni, Dar es Salaam, jioni, madirisha yamefunguliwa. Aliitazama yote, akacheka, akanirudishia simu.

"Kaka, na bando la simu zote hizo nani alilipa?"

Swali la maana kuliko mengi niliyoyasoma. Simu isiyo na intaneti haitumi kitu, na kuwasha simu 99 ni gharama. Jibu ni kwamba kwa kawaida tunalipa sisi. Dereva huyu ananunua bando kwa hela yake ili programu impe abiria. Bando hilohilo linasafirisha taarifa kwamba Buguruni pamekwama. Taarifa hiyo inawafanya wengine waone ramani ni ya kuaminika, na wanaoiona ya kuaminika ndio wanaovutia matangazo ya biashara. Anauvuta mkokoteni, analipia na magurudumu.

Pembeni yetu ilikuwa imesimama daladala, watu wamebanana hadi mlangoni, kondakta ananing'inia. Nikamwambia hesabu simu zilizomo. Akaitazama kidogo. "Basi huo ndio mkokoteni wenyewe," akasema, akaingiza gia tukasogea mita tatu.

Hakukosea. Daladala iliyojaa ni nukta 30 au 40 zinazokwenda pamoja, zinazosimama kila kituo, na kwa mtambo usiojua daladala ni nini, hiyo ni foleni inayotembea. Bodaboda inayopenya katikati ya magari inasema kinyume chake: barabara iko wazi, njooni. Miji yetu ilikuwa inaichanganya ramani kabla Weckert hajafikiria kukusanya simu zake, bila kujua, bila kuiita sanaa. Alichokitengeneza Berlin kwa makusudi, sisi tunakiishi kila siku saa kumi na moja jioni.

Na kuna namna nyingine ya kubeba simu barabarani. Nairobi, kuanzia mwaka 2012, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi walipanda matatu wakiwa na simu mkononi, wakaandika kila njia na kila kituo, katika mradi wa Digital Matatus uliowaunganisha na watafiti wa vyuo vikuu vya Marekani, MIT na Columbia. Walipata njia zaidi ya 130, wakazichora kwenye ramani moja iliyotolewa mwaka 2014, na data ikaachwa wazi kwa yeyote anayeitaka. Mwaka uliofuata njia hizo zikaonekana ndani ya Google Maps. Simu ni zilezile, GPS ni ileile. Tofauti ni kwamba aliyezibeba alijua anabeba nini, anampelekea nani, na abiria wa matatu alirudishiwa kitu anachoweza kukitumia. Sisemi hiyo ni sanaa. Ila nikiitazama video ya Weckert baada ya kuikumbuka ramani ile, naona pengo ambalo video haikuligusa: inatuonyesha namna ya kuipotosha ramani, haituulizi nani mwingine angeweza kuichora.

Halafu kuna wasiohesabika kabisa. Wiki iliyofuata nilikuwa Kariakoo, kwenye mtaa unaotokea Msimbazi. Mkokoteni wa kweli, umejaa maroba ya mchele, umeziba njia. Mmoja anavuta, mwenzake anasukuma kwa bega, kichwa chini, "pisha, pisha hapo!" Honi nyuma yao hazikomi. Anayevuta ana kitochi, kile kisimu cha vitufe, kimefungwa raba, kinachungulia kwenye mfuko wa shati. Hicho hakitumi chochote kwa yeyote. Nikafungua ramani. Mtaa ulikuwa mwekundu, umepakwa rangi na simu za wenye magari waliokaa nyuma ya viyoyozi wakimlaani. Yeye, aliyeisababisha foleni yote hiyo, hakuwepo.

Wakapata upenyo, wakakata kona, wakaingia uchochoroni na mzigo wao. Magari yakaanza kutembea. Kwenye simu yangu mtaa ulikuwa bado mwekundu.